Jakarta na Wana wa Vijijini katika Filamu za Zamani za Indonesia

Hadithi ya mtu anayeondoka kijijini kwenda mjini, akakutana huko na fedha, starehe na mawazo mageni, na mwishowe akalazimika kulipa gharama ya kile alichokitafuta, ni miongoni mwa hadithi zilizorudiwa mara nyingi zaidi katika sinema ya Indonesia tangu nchi hiyo ilipokuwa huru. Kuanzia mwaka 1950, ambapo kampuni ya kwanza kubwa ya filamu ya wananchi wenyewe ilianza kazi, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo tasnia hiyo iliporomoka, waongozaji wa kila aina waliishika hadithi hii: wasomi waliotafuta tuzo, wafanyabiashara waliotafuta umati, wachekeshaji, na hata wanamuziki. Kwa juu juu filamu hizo huonekana kuwa mahubiri dhidi ya tamaa, lakini anayezitazama kwa makini hugundua kuwa zile zilizo bora hazikukusudia kuwatisha wanavijiji ili wabaki walikozaliwa. Zilikitumia kijiji kama kipimo cha kuwapimia watu walioshika madaraka na mali mjini, na tofauti kati ya filamu nzuri na filamu dhaifu katika jadi hii hutegemea swali moja tu, nalo ni nani anayebebeshwa lawama pale mwana wa kijiji anapoanguka.

Waongozaji waliokuwa wahamiaji

Mwanzilishi anayetajwa na wote ni Usmar Ismail, aliyezaliwa mwaka 1921 huko Bukittinggi, katika nyanda za juu za Sumatra Magharibi, na ambaye mwaka 1950 aliasisi kampuni ya Perfini. Siku alipoanza kupiga picha za filamu yake ya *Darah dan Doa*, yaani Damu na Dua, tarehe 30 Machi 1950, ndiyo inayoadhimishwa hadi leo nchini humo kuwa Siku ya Filamu ya Taifa. Mwenzake wa karibu, mshairi na mwandishi wa michezo Asrul Sani, alitoka Rao, na mtayarishaji tajiri Djamaluddin Malik, mwenye kampuni ya Persari, alitoka Padang. Wote watatu walikuwa wana wa Sumatra Magharibi, nchi ya Waminangkabau. Jamii hiyo hurithisha ardhi na nyumba kwa upande wa mama, na kwa muda mrefu imewatarajia vijana wa kiume waondoke nyumbani kwenda kutafuta elimu, biashara na uzoefu ugenini, desturi iitwayo *merantau*, kabla ya kurudi kwao wakiwa watu wazima wenye heshima. Kwa hiyo watu walioanzisha sinema ya kitaifa walikuwa wenyewe wahamiaji wa Jakarta, waliojua vizuri utamu wa mji na deni ambalo mtu huendelea kuwa nalo kwa watu wa kwao.

Mazingira ya nchi yaliipa hadithi hiyo uzito zaidi. Jakarta ilikuwa na wakazi wapatao milioni 3 mwaka 1961, ikapita milioni 4.5 mwaka 1971, na kufikia takribani milioni 6.5 mwaka 1980, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na watu waliohama kutoka vijiji vya Java. Gavana Ali Sadikin, aliyeuongoza mji huo kuanzia mwaka 1966 hadi 1977, aliruhusu kamari na vilabu vya usiku ili serikali ya mji ipate kodi ya kujengea shule na barabara, na wakati huohuo, mwaka 1970, akautangaza mji kuwa umefungwa kwa wahamiaji wasio na kazi wala makazi. Wageni walitakiwa kuweka amana ya nauli ambayo ingewarudisha makwao endapo wangeshindwa kujimudu. Ndivyo Jakarta ilivyowasha taa za anasa kwa mkono mmoja na kuwafungia mlango maskini kwa mkono wa pili, na ukinzani huo ukawa malighafi ya sinema kwa miaka ishirini iliyofuata.

Ni muhimu pia kufahamu kuwa mpaka kati ya mji na kijiji nchini Indonesia haujawahi kuwa mstari ulionyooka. Neno *kampung* hutumika kwa kijiji cha shambani na pia kwa mtaa wa watu wa kipato cha chini katikati ya mji, wenye vichochoro vyembamba, msikiti mdogo, kisima cha pamoja na majirani wanaojuana kwa majina. Mhamiaji wa kwenye filamu mara nyingi hutoka katika kampung ya mashambani akaingia katika kampung ya mjini, na huko ndiko hukutana na watu wanaompa sahani ya wali na pa kulala, ilhali vishawishi vinavyomwangamiza humngoja katika nyumba kubwa zenye ngazi, simu, gari la kifahari na chupa za wiski, vitu ambavyo watazamaji wa miaka ya 1970 walivizoea katika filamu kuliko katika maisha yao.

Mpiganaji aliyerudi mjini

Filamu iliyoweka msingi wa kuishutumu starehe ya mji ni *Lewat Djam Malam* ya mwaka 1954, iliyoongozwa na Usmar Ismail kwa hadithi ya Asrul Sani, na jina lake linahusu saa za usiku baada ya amri ya kutotoka nje kuanza. Shujaa wake, Iskandar, aliyeigizwa na A.N. Alcaff, ni mwanafunzi wa uhandisi aliyeacha masomo akapigana vita vya uhuru dhidi ya Waholanzi, na ambaye sasa anarudi katika mji wa Bandung kwa mchumba wake Norma, binti wa familia yenye uwezo. Anatafutiwa kazi ya ofisini lakini hawezi kuivumilia. Anawatembelea wenzake wa zamani na kukuta mmoja amekuwa mkandarasi wa ujenzi, mwingine amekuwa kuwadi, na kamanda wake Gunawan amekuwa mfanyabiashara tajiri. Baadaye anatambua kuwa watu aliowaua vitani kwa amri ya kamanda huyo walikuwa wakimbizi wasio na hatia, na kwamba mali yao ndiyo iliyokuwa mtaji wa utajiri anaouona.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa karibu ni ile ya Laila, kahaba anayeishi chini ya Puja, yule rafiki aliyegeuka kuwadi. Laila, aliyeigizwa na Dhalia, hukata picha za majarida ya kigeni zinazoonyesha nguo, vyombo na samani, akazihifadhi kwa uangalifu na kumwonyesha kila mgeni kana kwamba ni orodha ya vitu vitakavyofika kesho. Mwongozaji hamcheki wala hamhukumu mwanamke huyu, bali anamweka sambamba na sherehe inayoendelea nyumbani kwa Norma, ambako vijana wa tabaka la juu wanacheza dansi na kuzungumza maneno matupu, ili mtazamaji aone kwamba tamaa ya vitu ni ileile pande zote mbili, tofauti ikiwa tu kwamba upande mmoja umekwisha kuvipata. Iskandar anamuua Gunawan, kisha anapigwa risasi na askari wa doria akijaribu kurejea kwa mchumba wake baada ya saa ya amri. Mji uliojengwa juu ya wizi wa vita unaendelea na sherehe yake, na aliyekufa ndiye aliyekataa kusahau.

Filamu hiyo ilishirikiana na *Tarmina* ya Lilik Sudjio kupata tuzo ya filamu bora katika tamasha la kwanza la filamu la Indonesia mwaka 1955. Mwaka huohuo Usmar Ismail aligeukia upande wa pili wa hadithi kwa kichekesho cha *Tamu Agung*, yaani Mgeni Mtukufu, ambapo kijiji cha mlimani kinamsubiri mkubwa kutoka mjini na kumpokea kwa taadhima muuza dawa wa kawaida wakidhani ndiye. Hapa kijiji ndicho kinachojaribiwa, na kishawishi chenyewe ni cheo cha serikali, kwa maana wanakijiji wako tayari kumnyenyekea yeyote anayezungumza kwa sauti ya mamlaka. Kichekesho hicho kilitunukiwa katika tamasha la filamu la Asia mwaka 1956.

Mwanamke aliyelipa gharama

Mwaka 1970 unaonyesha njia mbili zilizogawanyika kwa uwazi. Njia ya kwanza ni ya *Apa Jang Kau Tjari, Palupi?*, filamu ya Asrul Sani iliyotengenezwa mwaka 1969 kwa msaada wa baraza la serikali lililoundwa ili kuzalisha filamu za mfano, na jina lake linamuuliza mhusika mkuu anatafuta nini. Palupi ameolewa na mwandishi mwenye msimamo lakini asiye na fedha. Anamwacha ili awe mwigizaji wa sinema, akavutwa na mwongozaji wa filamu, kisha na mfanyabiashara tajiri, na kila anapofika anapotaka anakuta kiu yake haijaisha. Hakuna danguro wala kuwadi katika hadithi hii, na Palupi hakutoka shambani akiwa hajui kitu. Kishawishi cha mji kwake ni ile imani kwamba maisha halisi yako mahali pengine, kwa mtu mwingine, katika nyumba nyingine. Filamu hiyo ilipata tuzo ya filamu bora katika tamasha la filamu la Asia lililofanyika Jakarta mwaka 1970, lakini watazamaji hawakuikimbilia.

Walikokimbilia watazamaji ni kwenye njia ya pili, iliyofunguliwa na *Bernafas dalam Lumpur* ya Turino Djunaidy, yaani Kupumua ndani ya Matope. Supinah, mwanamke wa kijijini aliyeigizwa na Suzzanna, anakwenda Jakarta kumtafuta mumewe aliyeondoka bila kurudi, anakuta mume huyo ana mke mwingine, anatumbukia katika mikono ya wanaume wanaomtumia, na hatimaye anakuwa kahaba aitwaye Yanti. Kijana mwema wa familia tajiri anampenda na kutaka kumwokoa, lakini hadithi haimruhusu kuokoka. Lugha kali, ukatili na matukio ya kitandani ambayo sinema ya nchi hiyo haikuwahi kuyaonyesha kwa kiwango hicho viliifanya filamu hiyo ivume, na watayarishaji wengine wakafuata nyayo zake kwa wingi, kiasi kwamba msichana wa kijijini anayeharibikiwa Jakarta akawa mhusika wa kudumu wa miaka ya 1970.

Haitoshi kuziita filamu hizo takataka, kama walivyofanya wahakiki wengi wa wakati huo, kwa sababu nyuma ya mwigizaji aliyelia mbele ya kamera kulikuwa na mabadiliko ya kweli. Mwanzoni mwa miaka hiyo mashine za kukobolea mpunga zilienea kwa kasi vijijini Java na kuchukua kazi ya kutwanga ambayo kwa karne nyingi iliwapatia wanawake maskini ujira wa mchele; na katika uvunaji, mundu ukaanza kuchukua nafasi ya kile kisu kidogo cha kukatia shuke moja moja kilichowapa kazi wanawake wengi kwa wakati mmoja. Mwanamke asiye na shamba aliyepoteza vyote viwili hakuhitaji kudanganywa na taa za mji ili apande basi. Filamu za njia ya pili hazikuionyesha mashine wala mundu. Zilionyesha mume mwongo, mama mgonjwa au kuwadi mwenye maneno matamu, kisha zikampa mtazamaji methali aliyoizoea ya tamaa mbele, mauti nyuma.

Filamu ya *Perawan Desa*, yaani Mwanamwali wa Kijiji, iliyoongozwa na Frank Rorimpandey na kushinda Tuzo ya Citra ya filamu bora mwaka 1980, ilikwenda mbali zaidi. Citra ni tuzo kuu ya filamu nchini Indonesia. Hadithi yake ilitokana na mkasa uliotikisa mji wa Yogyakarta mwaka 1970, wa msichana muuza mayai kutoka kijijini aliyebakwa, na kisha ikadaiwa kuwa waliomfanyia hivyo walikuwa watoto wa wakubwa. Msichana huyo hatafuti anasa wala hajavutwa na tamaa yoyote. Anaingia mjini kuuza bidhaa yake na kurudi nyumbani, na kinachomwangamiza ni jeuri ya watu wanaojua kuwa sheria haitawagusa. Miaka michache baadaye Sjumandjaja aliurudia msafara wa wasichana wa kijijini katika *Kerikil-Kerikil Tajam* ya mwaka 1984, akiwafuata wawili wanaokwenda Jakarta kutafuta kazi, na kazi ya Christine Hakim katika filamu hiyo ilimpatia tuzo ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1985.

Vishawishi visivyo vya mwili

Sjumandjaja, aliyesomea uongozaji katika chuo cha sinema cha Moscow, ndiye aliyeonyesha vizuri zaidi kwamba mji humjaribu mtu pia kwa mawazo na kwa umaskini wa heshima. Mwaka 1974 alitengeneza *Atheis* kutokana na riwaya ya Achdiat K. Mihardja iliyochapishwa mwaka 1949, inayomhusu Hasan, kijana mcha Mungu aliyelelewa kijijini Java Magharibi na wazazi wanaofuata tarika, ambaye anahamia Bandung, akakutana na marafiki wanaosoma falsafa ya Karl Marx na mwanamke wa kisasa aitwaye Kartini, na taratibu akapoteza imani bila kupata kitu cha kuishika mahali pake. Uzito wa hadithi hiyo umo katika kutowafanya marafiki wa mjini kuwa mashetani, kwani hoja zao zina nguvu. Hasan anavunjika kwa sababu dini aliyopewa kijijini ilikuwa ya woga, na usasa alioupokea mjini ulikuwa wa kuiga.

Mada inayofanana nayo ilikuwa imeguswa miaka miwili kabla na Asrul Sani katika *Salah Asuhan*, kutoka riwaya ya Abdul Muis ya mwaka 1928 kuhusu Hanafi, kijana wa Kiminangkabau aliyesomeshwa kwa jasho la ukoo wake, ambaye anaona haya kwa mila zao na kumdharau mke aliyechaguliwa na mama yake, akamfuata mwanamke wa damu ya Kizungu. Waswahili husema mkataa kwao ni mtumwa, na riwaya hiyo inakubaliana na methali, lakini filamu iliihamishia hadithi katika miaka ya 1970 ili kuwauliza watazamaji wake kama utumwa huo uliondoka na wakoloni.

Hata hivyo kazi iliyokamilika zaidi ya Sjumandjaja katika uwanja huu ni *Si Mamad* ya mwaka 1973, iliyopata Tuzo ya Citra ya filamu bora mwaka 1974 na ambayo chimbuko lake ni hadithi fupi ya mwandishi Mrusi Anton Chekhov. Mamad ni karani wa masijala, mtumishi mwaminifu wa zamani ambaye mshahara wake hautoshi kulisha familia inayozidi kuongezeka, na ambaye siku moja anaanza kuiba karatasi za ofisi kidogo kidogo ili aziuze. Dhamiri inamsumbua kiasi kwamba hana raha tena, anajaribu kila mara kumwomba radhi mkubwa wake, na mkubwa huyo, aliyezungukwa na mambo makubwa kuliko karatasi, haelewi hata anaombwa radhi kwa kosa gani. Hakuna mahali ambapo filamu inatamka neno ufisadi kama hotuba, lakini mtazamaji wa mwaka 1973 aliyeketi mbele ya karani anayekufa kwa aibu ya karatasi chache hakushindwa kujiuliza ni aibu gani waliyonayo wanaochukua zaidi.

Wachekeshaji nao walichukua njia yao. Nya Abbas Akup, katika *Inem Pelayan Sexy* ya mwaka 1976, alimfanya mtumishi wa nyumbani aolewe na mkubwa wa kazi wa mwajiri wake, hata waliomtuma jana wakalazimika kumwinamia leo. Mwaka huohuo Sjumandjaja, katika *Si Doel Anak Modern*, alimvisha mchekeshaji Benyamin Sueb mavazi ya kisasa ili kuonyesha namna mwenyeji wa asili wa Jakarta, Mbetawi, anavyojiaibisha akikimbizana na mitindo ya mji uliokua na kumpita katika ardhi yake mwenyewe.

Kijiji chenyewe hakikuwa pepo

Ingekuwa kosa kudhani kuwa sinema hii ilikisifu kijiji bila kipimo. D. Djajakusuma, mwenzake Usmar Ismail katika Perfini, alitengeneza mwaka 1953 filamu ya *Harimau Tjampa*, inayosimulia kijana wa kijiji cha Waminangkabau anayejifunza silat, mchezo wa kujihami wa jadi, ili alipize kisasi cha baba yake, na kijiji tunachokiona humo kimekaliwa na mbabe anayewaonea watu kwa cheo cha ukoo. Asrul Sani aliandika *Titian Serambut Dibelah Tujuh*, aliyoiongoza mwenyewe mwaka 1959 na ambayo Chaerul Umam aliitengeneza upya mwaka 1982, kuhusu mwalimu kijana wa dini anayefika katika kijiji kinachoonekana kuwa na utulivu na kukuta wakubwa wanafiki, uvumi unaoua jina la mwanamke, na wazee wanaoilinda mila kwa sababu mila inawalinda wao. Jina la filamu hiyo linarejelea njia nyembamba kama unywele uliopasuliwa mara saba, kwa maana ya ugumu wa kutembea katika haki.

Filamu za namna hii ziliondoa udanganyifu kwamba mtu akirudi kijijini mambo yake yatakuwa sawa. Slamet Rahardjo alilisukuma jambo hilo hadi kwa watoto katika *Langitku Rumahku* ya mwaka 1990, ambamo mtoto wa tajiri na mtoto mwokota karatasi wa mtaa wa mabanda jijini Jakarta wanakuwa marafiki na kusafiri pamoja kuelekea Java Mashariki, na safari yao inaonyesha kuwa mtoto maskini aliyekulia mjini hana mji wala kijiji kinachomngoja.

Mkono wa dola na umbo la hadithi

Kwa nini basi filamu nyingi zaidi zilimlaumu aliyeanguka na kuwaacha waliomwangusha? Sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya siasa. Baada ya mauaji na misako ya mwaka 1965 na 1966, iliyoliangamiza vuguvugu la kikomunisti na kumwingiza Suharto madarakani, wasanii wa mrengo wa kushoto walifungwa na kazi zao zikapotea au kufichwa. Mmoja wao alikuwa Bachtiar Siagian, ambaye filamu yake ya *Turang* ya mwaka 1957, iliyopigwa katika vijiji vya Wakaro huko Sumatra Kaskazini, ilishinda tuzo ya filamu bora katika tamasha la kitaifa la mwaka 1960, na ambaye alikaa kifungoni kwa miaka mingi. Tangu hapo kuzungumza waziwazi juu ya ardhi, matabaka na unyonyaji kuliweza kumfanya mtu ashukiwe kuwa mkomunisti, na mwongozaji aliyetaka kuonyesha umaskini alilazimika kuuonyesha kama bahati mbaya ya mtu au udhaifu wa tabia yake.

Bodi ya ukaguzi wa filamu ilisoma miswada kabla haijapigwa picha na kuzitazama filamu kabla hazijaonyeshwa, na sheria ambayo haikuvunjwa kwa urahisi ilikuwa kwamba uovu usishinde mwishoni na dola isionekane kuwa chanzo cha uovu. Filamu ya Sjumandjaja ya *Yang Muda Yang Bercinta*, iliyokamilika mwaka 1977 na kumshirikisha mshairi W.S. Rendra, ilizuiliwa kwa miaka mingi kwa sababu ya maneno ya upinzani yaliyomo. Watafiti Karl Heider na Krishna Sen, katika vitabu vyao vya miaka ya 1990 kuhusu sinema hiyo, walionyesha kuwa hadithi ya kawaida ya filamu za zama hizo ilianza na utulivu, ikaingia katika vurugu, na kumalizika kwa utulivu kurejeshwa, hivyo kwamba swali kuu halikuwa nani mwema na nani mwovu bali ni nani aliyevuruga mpangilio na nani ataurudisha. Katika mpangilio huo, kahaba aliyekufa, mke aliyerudi kwa mumewe au mwana aliyepiga magoti mbele ya mama yake alikuwa njia rahisi ya kufunga hadithi bila kumgusa mwenye nguvu.

Watazamaji wa uwanjani na filamu zilizobaki

Watu ambao filamu hizi ziliwahusu zaidi mara nyingi hawakuzitazama katika kumbi za mjini. Walizitazama kwenye *layar tancap*, yaani kitambaa cheupe kinachosimikwa kwa nguzo za mianzi katika uwanja wa kijiji, mbele ya mashine ya kuonyeshea filamu inayoendeshwa kwa jenereta, wakati wa harusi, tohara au baada ya mavuno, huku wachuuzi wa karanga na mahindi wakizunguka kati ya mikeka. Huko ndiko Rhoma Irama alikotamba. Mwanamuziki huyu, aliyezaliwa Tasikmalaya mwaka 1946, aliukuza muziki wa *dangdut* uliochanganya mahadhi ya Kimalay na ya Kiarabu, gitaa la umeme na nyimbo za filamu za Kihindi, zilezile zilizowavutia pia watunzi wa taarabu katika pwani ya Afrika Mashariki, na kuanzia mwaka 1976 akaigiza katika mfululizo wa filamu ambamo kijana maskini mwenye gitaa anadharauliwa na matajiri, anashawishiwa na starehe, na hatimaye anashinda bila kuiacha dini yake. Wahakiki walizibeza, lakini mhamiaji aliyeziona aliondoka akiwa na jambo ambalo filamu za machozi zilimnyima, yaani matumaini kwamba mtu wa kampung anaweza kufika mjini na kusimama wima.

Uzalishaji ulipita filamu mia moja kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha televisheni za binafsi na filamu za kigeni zikaidhoofisha tasnia, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imebaki jina. Nakala nyingi zingepotea kabisa kama Misbach Yusa Biran, mwandishi na mwongozaji, asingeanzisha mwaka 1975 hifadhi ya filamu ya Sinematek Indonesia jijini Jakarta. Ni kwa nakala zilizotunzwa humo kwamba *Lewat Djam Malam* iliweza kurekebishwa kwa ushirikiano wa Jumba la Makumbusho la Taifa la Singapore na mfuko ulioasisiwa na mwongozaji Martin Scorsese, na kuonyeshwa tena katika tamasha la Cannes mwaka 2012.

Msomaji anayetaka kuifahamu jadi hii na aanze na filamu hiyo, kisha atafute *Si Mamad*, na baadaye ndipo atazame zile za machozi zilizofuata *Bernafas dalam Lumpur*, kwa sababu akizitazama kwa mpangilio huo hatadanganyika na hukumu nyepesi. Filamu zinazomwambia mwana wa kijiji abaki nyumbani zilizeeka mapema, kwa kuwa hakubaki na hakuwa na namna ya kubaki; zilizodumu ni zile zilizowauliza wenye mji waliupata vipi.